Injini ya roketi inapogoma kwenye The Powder Toy: soma presha kwanza

Vijana wanaokuja na laptopu zao hapa Ngamiani, Tanga, karibu wote huleta lalamiko la moto. Moto umezimika, moto umeyeyusha ukuta, moto hautoki kwa nguvu. Na karibu wote wameshajaribu dawa ileile: kuongeza mafuta, kuongeza oksijeni, kubadili chuma. Msimamo wangu ni kwamba injini nyingi zinazogoma kwenye The Powder Toy, gemu la kompyuta la kuchora vitu kwa chembe na kuona zinavyotenda, zina ugonjwa wa hewa, na moto unaonekana mbaya kwa sababu hewa imeshaharibika. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na presha katika kila dalili, hata pale ambapo macho yanaona kuyeyuka tu.

Mambo machache kuhusu gemu lenyewe, maana yote yanayofuata yanategemea hapo. Uwanja una pikseli 612 kwa 384, na kila chembe inakaa kwenye pikseli moja. Hewa haihesabiwi hivyo. Hewa inahesabiwa kwa vyumba vya pikseli 4 kwa 4, yaani vyumba 153 kwa 96 uwanja mzima. Presha inakwenda kutoka hasi 256 hadi 256, na joto haliwezi kupita nyuzi 9725.85 za Selsiasi. Tena, vitu vigumu havisukumwi na hewa. Roketi uliyoichora haitaruka hata ukiipa mafuta ya dunia nzima. Unachojenga ni injini iliyofungwa kwenye kizimba cha majaribio, na kazi yako ni kupima kinachotoka nyuma.

Kabla hujagusa injini, bonyeza 2 uone presha, 6 uone joto, 1 uone mwendo wa hewa. Simamisha kwa kitufe cha nafasi, kisha sogeza fremu moja moja kwa F. Injini inayolipuka haraka kiasi kwamba huelewi kilichotokea itakueleza yote ukiitembeza kwa F huku umefungua mwonekano wa presha. Utaona kabisa ukuta gani ulianza kuvuja.

"Kaka, moto unawaka vizuri ila presha haipandi"

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote. Mtu amejenga chemba nzuri ya almasi, ukuta mnene, haiyeyuki wala haivunjiki. Amewasha. Ndani kunang'aa, lakini ukipitisha kishale, presha iko 2 au 3, na nje ya ukuta nako ni karibu vilevile.

Sababu ni kwamba ukuta wa almasi unazuia chembe, hauzuii hewa. Hata chuma cha METL, hata tofali, hata kioo: presha inapita katikati yake kama hakuna kitu. Vitu vya kutegemea kuizuia ni kuta zenyewe za gemu, zile za menyu ya kuta, na titani, TTAN. Titani ina masharti yake: pikseli ya titani iliyo peke yake haizuii, inahitaji titani wenzake wawili walioshikana nayo ubavuni, juu au chini. Mstari uliochorwa kwa mshazari wa pikseli moja una mapengo ya aina hiyo, na hewa inayapata yote. Chora ganda la titani la pikseli mbili au tatu, nje ya ganda lako la almasi, halafu rudi kwenye mwonekano wa presha. Mpaka wa rangi ukikatika ghafla kwenye ganda, chemba imeshika. Rangi ikififia taratibu kuvuka ukuta, bado inavuja, na hakuna haja ya kuwasha mpaka umepata pengo.

Kama presha ni sifuri kabisa kila mahali, hata ukipuliza kwa kifaa cha AIR, usibomoe chochote. Umebonyeza Y bila kujua na kubadili namna hewa inavyohesabiwa. Bonyeza tena mpaka irudi, au iweke sawa kwenye mipangilio.

"Koo liko wazi, mbona chemba inajaa mpaka inapasuka?"

Hapa vyumba vya 4 kwa 4 vinalipiza. Umechora koo la nozeli, yaani sehemu iliyobana ya mdomo wa kutolea moto, lenye upana wa pikseli 3, linapendeza, chembe za moto zinapita. Lakini titani inapozuia hewa inazuia chumba kizima ilichomo. Kuta za koo lako zikiangukia ndani ya chumba kilekile, kwa hesabu ya hewa pale hakuna tundu, pana ukuta mtupu. Chembe zinatoka kwa kusukumana, presha inabaki ndani na kupanda.

Fungua mwonekano wa presha na ukuze kwa Z juu ya koo. Ukiona rangi kali upande wa chemba na hakuna mtiririko wowote wa rangi kupita kooni, ndiyo hiyo. Koo liwe na upana wa pikseli 4 kwa uchache, na muhimu zaidi, kingo zake zilingane na mistari ya vyumba. Njia rahisi ya kuiona hiyo mistari ni kuchora ukuta wa kawaida karibu: kuta za menyu hujipanga zenyewe kwenye vyumba, kwa hiyo zinakuonyesha chumba kinaanzia wapi. Koo la pikseli 8 lililolingana linafanya kazi vizuri kuliko la pikseli 10 lililokaa upande.

Hewa ikipita kooni ipasavyo, mwonekano wa mwendo utaonyesha inakimbia zaidi pale palipobana, kama maji ya kupwa yanavyokimbia kwenye mlango wa kijito cha mikoko.

"Ukuta wa ndani unayeyuka"

Sasa joto. Chembe ya moto wa haidrojeni pekee hufika kiasi cha nyuzi 2200, na ikiungana na oksijeni inafika kiasi cha 3200. Moto ukivuka 2500 unageuka plazma. Linganisha na vifaa: METL inayeyuka kwa nyuzi 1000, titani 1668, kwazi 2300, tangsteni takribani 3422. Kwa maneno mengine, titani uliyoiweka kushika presha haistahimili kuguswa na mwali wa haidrojeni hata kidogo. Wengi wakiona inayeyuka wanaiondoa na kuweka tangsteni. Presha inatoroka, injini inakufa, wanaongeza mafuta. Mduara huo hauna mwisho.

Gawanya kazi. Ganda la ndani lishughulike na joto, la nje na presha. Kwa ndani, almasi haiyeyuki kabisa, na kauri, CRMC, inastahimili zaidi kadiri presha inavyopanda, kwa hiyo ni rafiki wa chemba. Tangsteni ina namba nzuri lakini ni dhaifu: presha ikibadilika kwa kishindo inavunjika vipande, na kuwasha injini ni kishindo. Mimi tangsteni siiweki kwenye chemba.

Tatizo la almasi ni kwamba inapitisha joto. Utaona injini inakwenda salama kwa muda, kisha titani ya nyuma inaanza kung'aa kwenye mwonekano wa joto na kuyeyuka kutokea ndani. Acha pengo la pikseli moja tupu kati ya maganda mawili. Joto hupita kutoka chembe hadi chembe iliyo jirani, na pasipo na chembe halivuki. Hapa kuna mtego: kama joto la hewa limewashwa, kitufe ni U, joto litavuka pengo hilo kwa njia ya hewa. Angalia hilo kabla ya kuulaumu mchoro wako. Kihami cha INSL nacho hakipitishi joto, ila kinaungua, kwa hiyo usikiweke mahali ambapo mwali unaweza kukifikia.

Ukitaka injini ikae muda mrefu, tumia pengo hilo kwa kupoozea. Jaza LOXY, oksijeni iliyo kimiminika, kwenye mfereji unaozunguka almasi. Inachemka kwa takribani hasi 183, inabeba joto, inageuka oksijeni ya gesi, nawe unaipeleka kwenye chemba kuchomwa. Injini halisi hufanya jambo la namna hii: RS-25 iliyosukuma Space Shuttle ilipitisha haidrojeni baridi kwenye kuta za nozeli kabla ya kuichoma. Mfereji uwe na njia ya kutokea iliyo wazi muda wote, maana LOXY ikichemka mahali palipofungwa inageuka bomu.

"Haidrojeni imo, oksijeni imo, joto limo, haiwaki"

Haidrojeni ya gemu hili haiwaki kwa joto peke yake. Inataka kuguswa na chembe ya moto, plazma au lava. Ukichemsha ukuta mpaka ung'ae, HYGN, yaani hiyo haidrojeni, itapata joto na kukaa kimya. GAS ni tofauti, yenyewe hugeuka moto ikifika kama nyuzi 300, na ndiyo maana aliyezoea GAS anashangaa akihamia haidrojeni.

Kiwashio kizuri ni ETRD (elektrodi) mbili zilizotazamana mdomoni mwa sindano za mafuta, pale mafuta yanapoingilia chemba: ukiipa moja cheche, mstari wa plazma unatokea kati yao. Njia nyingine ni punje chache za gesi adimu, NBLE, ambazo zikipata umeme hugeuka plazma.

Halafu kuna ile ya "iliwaka, presha ikapanda, ikazima yenyewe." Hii inawasumbua mafundi wazuri kabisa, kwa sababu kila kitu walikifanya sawa. Presha ikipita 45, haidrojeni haishiki moto tena. Ikipita 50 na joto likizidi nyuzi 2000, viini vyake vinaanza kuungana, na huo ni mchezo mwingine usiotoka salama kwenye chemba ya roketi. Kwa hiyo chemba ya haidrojeni ina dari. Ilenge kati ya 20 na 35, uwe na nafasi ya kupumua. Kama inapanda kupita hapo, panua koo kwa chumba kimoja cha hewa badala ya kupunguza mafuta. Ukipunguza mafuta unapoteza msukumo. Ukipanua koo unaugeuza ule mgandamizo kuwa mwendo.

"Nimepeleka gesi, kinachofika ni mafuta"

GAS inageuka kuwa OIL ikibanwa kwa presha ya zaidi ya 6. Ukiwa na tangi lililobanwa sana, unapeleka kimiminika bila kujua. OIL nayo hurudi kuwa gesi ikipata joto la kama nyuzi 60, kwa hiyo dawa ni kupasha laini ya mafuta kidogo au kupunguza presha ya tangi. Sisi wa Tanga tuna mfano mkubwa jirani: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta yake yana nta na hayatiririki yakipoa.

Ukitumia PIPE, yaani bomba, kumbuka kwamba yenyewe hupasuka presha ikizidi 10. Isifike chemba. Iishie nyuma ya ukuta, na kazi ya kuingiza mafuta ifanywe na PCLN, kizalishaji nakala kinachowashwa kwa umeme.

"Sindano inatema moto badala ya mafuta"

CLNE na PCLN huzalisha nakala za kitu cha kwanza kilichozigusa. Ulipojaribu kuwasha, moto ukafika kabla ya haidrojeni. Futa, weka upya, kisha chora HYGN juu yake moja kwa moja ili ishike hiyo. Fanya hivyo kwa kila moja kabla ya jaribio la kwanza.

"Inalipuka palepale inapowashwa"

Umefungua mafuta mapema, chemba imejaa, kiwashio kimechelewa. Kwenye roketi za kweli jambo hili limeshaharibu injini nyingi, na ndiyo maana mpangilio wa kuwasha husanifiwa kwa uangalifu mkubwa. Injini za F-1 za roketi ya Saturn V ziliwashwa kwa kemikali inayoshika moto yenyewe ikikutana na oksijeni, ili pasiwe na muda wa mafuta kujikusanya.

Kwenye gemu, kiwashio kitangulie. Peleka cheche kwenye ETRD kwanza, kisha ipitie DLAY, kicheleweshaji, kabla ya kufika PSCN, kipitishi cha umeme kinachowasha sindano. DLAY huchelewesha kulingana na joto lake: ukiiweka nyuzi 10 inasubiri fremu 10. Weka joto hilo kwa kifaa cha PROP, usilikisie kwa HEAT. Anza na oksijeni, haidrojeni ifuate baada ya fremu chache, na plazma iwe ipo tayari zote mbili zinapofika.

Angalia pia nyaya. Cheche huruka hadi pikseli mbili. Waya wa haidrojeni ukipita karibu na wa kiwashio, vyote vinawaka kwa pamoja na mpangilio wako wote ni bure. Weka INSL katikati au utenganishe nyaya. Na waya wa METL ulioegemea chemba utayeyuka mapema, kisha utafikiri sindano imekufa.

"Injini inapumua, inawaka na kufifia"

Hapa kwanza jua nani anapumua, chemba au saketi. Kama umefunga PSNS, kihisi cha presha, kama kinga, ile inayotoa cheche presha ikizidi namba ya joto lake, ikate kwa muda. Mpigo ukiisha, tatizo ni saketi: kihisi kinazima mafuta, presha inashuka, kitu kingine kinayawasha tena, na mzunguko unaendelea. Panua nafasi kati ya namba ya kuzima na ya kuwasha. PSNS ya kuzima iwe 38, na kuwasha tena kufanywe kwa mkono, kwa sababu injini iliyojizima yenyewe inastahili kuangaliwa kabla ya kurudi kazini.

Mpigo ukibaki bila kihisi, ni mawimbi ya presha yanayogonga ukuta wa nyuma na kurudi kwenye sindano. Tembeza kwa F uyaone yanavyokwenda na kurudi. Wahandisi wa F-1 walipambana na jambo hilihili kwa miaka. Walilipua mabomu madogo ndani ya chemba inayowaka ili kuona kama mtikisiko utatulia, na wakaishia kuweka vizuizi kwenye uso wa sindano ili kuugawa. Kwako, chomoza mapezi ya titani yaliyofunikwa almasi kutoka ukuta wa sindano, marefu ya vyumba viwili vya hewa, ukigawa uso huo sehemu tatu zisizolingana. Mgawanyo ulio sawasawa hausaidii sana, maana mawimbi yanakutana tena katikati. Sindano nazo zisipangwe kwa ulinganifu kamili.

"Presha ni nzuri, msukumo hauonekani"

Kengele ya nozeli, sehemu inayotanuka baada ya koo, ndiyo inayolaumiwa, na kwa kweli kwenye gemu hili ina kazi ndogo. Nozeli ya de Laval duniani hufanya kazi kwa sababu gesi inafikia mwendo wa sauti kooni na kuupita ikitanuka. Roketi za Scout zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, mojawapo ikiibeba setelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, zilikuwa na hatua nne, na hatua za juu zinahitaji nozeli inayotanua zaidi kwa sababu hewa ya nje imepungua. Hewa ya The Powder Toy haina mawimbi hayo ya mwendo wa juu kuliko sauti. Kengele ndefu inayofunguka sana inaisambaza tu hewa na kuipunguza kasi. Fanya ya wastani, mfunguko kama mara mbili ya koo, kisha acha.

Pima kwa haki: weka safu ya DUST (vumbi) umbali uleule nyuma ya nozeli kila jaribio, au VSNS, kihisi cha mwendo, iliyowekwa namba unayoitaka. Hakikisha kingo za uwanja hazijawekwa kwenye mzunguko, kwa sababu moshi utatokea upande wa pili na kukupiga mbele ya injini. Na kabla ya kila jaribio bonyeza = kufuta presha ya jaribio lililopita, maana mabaki yake hupotosha kipimo.

"Kila kitu kiko sawa, ila inakwenda kwa kukwama"

Gemu hukusudia fremu 60 kwa sekunde. Wakati wa kaskazi, mwezi wa pili hapa Tanga, laptopu ya mtumba iliyowekwa juu ya kitambaa hupata joto na kujipunguza kasi yenyewe. Injini haibadiliki tabia, kwa kuwa inahesabiwa kwa fremu na saa ya ukutani haihusiki. Kinachobadilika ni subira yako. Punguza chembe: CLNE zinazoendelea kumwaga mafuta nje ya chemba, mvuke usiotoka uwanjani, moshi uliorundikana. Rudi kwenye mwonekano wa kawaida ukimaliza kupima.

Na kwa kuwa umeme hukatika, hifadhi injini kama muhuri kabla ya kila kuwasha: bonyeza S, buruta kuizunguka yote pamoja na saketi, achia. L inairudisha ya mwisho, K inakufungulia zote. Ihifadhi ikiwa baridi, sindano zimezimwa na presha imefutwa, la sivyo utakapoirudisha itaanza kulipuka kutoka pale ilipoishia.